Acheni Kutafuta Dur-Dur Band ya Mwanzo

Juzi jioni nilikuwa kwa kibanda cha chai hapa Elwak, simu iko mezani inacheza Dur-Dur Band pole pole. Wazee wawili meza ya pili wakanyamaza, wakasikiliza kidogo, halafu vita ikaanza.

"Hiyo si Dur-Dur," mmoja akasema. "Dur-Dur ilikuwa Baastow. Ukimtoa Baastow unabaki na nini?"

"Acha mambo yako," mwenzake akamjibu. "Baastow alitoka Waaberi. Dur-Dur ni yule msichana, Sahra Dawo."

Chai ikapoa. Mwishowe wakanigeukia mimi. "Wewe kijana wa simu, si mnajua kila kitu? Amua."

Maze, nilikwama. Nikasema, "Adeer, nipeni siku mbili." Wakacheka, wakaagiza chai nyingine. Hii posti ndiyo jibu langu, na najua litawaudhi wote wawili.

Lakini kwanza niwaambie kwa nini swali lenyewe lilinikaa kichwani.

Nilipokuwa chuo Nairobi, mwenzangu wa chumba alikuwa jamaa wa Machakos mwenye ugonjwa wa muziki wa metali, hasa ule wa kasi wanauita thrashi. Gitaa zinakimbia kama zinafukuzwa na fisi, ngoma ni mvua ya mawe juu ya mabati, na msee anaimba kama amekanyagwa kidole. Mwezi wa kwanza nililala na pamba masikioni. Mwezi wa pili nikaanza kuuliza maswali. Nikagundua kitu: mashabiki wa metali hawabishani sana kuhusu nyimbo. Wanabishana kuhusu kikosi. Nani alipiga gitaa albamu ipi, nani alifukuzwa, nani alirudi akiomba msamaha.

Story yenyewe walioipenda sana ni ya Megadeth. Mwaka wa 1983, Metallica walimfukuza mpiga gitaa wao Dave Mustaine kwa sababu ya ulevi na ugomvi, kabla hata hawajarekodi albamu yao ya kwanza. Hawakumpa hata nauli ya ndege. Walimpandisha basi New York arudi kwao California, safari ya siku kadhaa. Akafika na hasira, na mwaka huo huo akaanzisha Megadeth. Tangu siku hiyo watu wameingia na kutoka kama abiria wa matatu. Hata David Ellefson, mpiga besi aliyekuwa naye tangu mwanzo, aliondolewa 2021. Na kikosi ambacho mashabiki wengi wanakiita bora kuliko vyote si cha kwanza. Ni kile cha albamu ya Rust in Peace ya 1990, ambapo Marty Friedman kwenye gitaa na Nick Menza kwenye ngoma walikuwa wageni tu.

Shikilia huo mwaka wa 1990. Tutaurudia.

Baadaye karo ilinishinda, nikapanda basi langu mimi pia. Garissa, Wajir, vumbi, Elwak. Njia nzima nilikuwa namfikiria Mustaine, lakini yeye alikuwa anaenda kuanzisha bendi. Mimi nilikuwa naenda kumweleza mama. Nilipofika, kitu pekee cha muziki nilichokuta nyumbani ni sanduku la kanda la abti, yaani mjomba wangu. Kanda za miaka ya themanini. Zingine zina majina ya waimbaji yameandikwa kwa kalamu, zingine hazina kitu, unaweka tu kwenye redio na unaomba Mungu isikwame.

Ndani ya hilo sanduku ndimo nilipokutana na Dur-Dur.

Kwa wale hamjui, "durdur" kwa Kisomali ni kijito, maji yanayotiririka. Bendi ilizaliwa Mogadishu miaka ya themanini. Mwanzilishi ni Isse Dahir, mpiga kinanda. Na hapa ndipo nataka mnisikize vizuri, kwa sababu Isse hakukusanya marafiki zake wa mtaa akasema tuanze. Alipita kwenye mji akichagua, kama kocha anayetafuta wachezaji. Mpiga ngoma, Handal, alimtoa Bakaka Band. Mwimbaji Shimaali pia alikuwa wa Bakaka. Baastow alikuwa ameimba na Waaberi, kundi kubwa la serikali. Besi akampa Ujeeri. Halafu akaongeza ndugu zake wawili: Abukar Dahir kwenye gitaa na Ahmed Dahir kwenye mitambo ya sauti.

Huyo Ahmed hatajwi sana kwenye mabishano, na mimi naona ni makosa. Bendi kuwa na fundi wake wa sauti wa kudumu lilikuwa jambo geni Somalia. Bendi zingine zilipiga na mitambo yoyote iliyokuwepo. Dur-Dur walikuwa na mtu wao anayejua kila usiku besi ikae wapi na sauti ya mwimbaji ipande kiasi gani. Ndiyo maana walisifika kwamba sauti yao ni safi kuliko wote.

Na waimbaji waligawana kazi. Shimaali alishika dhaanto, ile midundo tunayocheza kwenye harusi mpaka leo, na ambayo ukiisikia vizuri inafanana na rege mpaka unashangaa nani alimwibia nani. Baastow alishika saar, muziki wa kuita mapepo, ule ambao masheikh hawajawahi kuupenda na nyanya zetu hawakuwahi kuuacha. Jina lake la utani lilitoka kwa pasta ya Waitaliano, kwa sababu alikuwa mwembamba na mrefu kama uzi wa tambi. Na Sahra Dawo, msichana mdogo wakati huo, aliingia kuchukua nafasi ya mwimbaji wa kike aliyekuwepo kabla yake.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena. Nafasi ya aliyekuwepo kabla yake. Yaani kwenye zile kanda mbili za kwanza, Volume 1 na Volume 2, ambazo watu wanaapa kwamba ndiyo Dur-Dur halisi, tayari kuna mtu ametoka na mtu ameingia. Dur-Dur ya mwanzo mnayoitafuta, hata Volume 1 haina.

Sasa njoo Volume 5, iliyorekodiwa 1987 Radio Mogadishu. Kikosi kimegeuka. Sahra Dawo bado yupo, lakini pembeni yake wako Abdinur Adan Daljir, Mohamed Ahmed Qomal na Abdukadir Mayow Buunis. Kuna gitaa la pili, la Yusuf Abdi Haji Aleevi. Kuna tarumbeta, kuna saksafoni mbili, kuna watu wawili wa konga, kuna waitikiaji. Waliobaki kwenye nguzo ni Isse na kinanda chake, Abukar na gitaa lake, na Handal na ngoma zake. Ukihesabu wote ni zaidi ya watu kumi na watano. Hiyo si bendi tena, hiyo ni basi la Mandera.

Na bado ukiweka kanda, ndani ya sekunde kumi unajua ni wao. Kinanda kinazunguka, gitaa linajibu, besi inatembea kama mtu asiye na haraka, na juu yake kuna shairi la Kisomali lililofungwa kwenye funki, disko au rege. Huo ndio ulikuwa mpango wa Isse tangu mwanzo: chukua cha kwetu, kichanganye na chochote kinachofanya watu wacheze. Watu walibadilika. Mpango ulibaki.

Kwa hivyo hapa ndipo ninapokuja na maoni yangu, na mnaweza kunipiga mawe.

Tunaona kubadilika kwa kikosi kama ugonjwa. Bendi ikipoteza mwimbaji tunasema imeisha. Mimi nasema kinyume. Bendi inayoweza kubadilisha watu ni ushahidi kwamba nyuma yake kuna mji mzima unaopiga muziki. Wale wa mpira mnanielewa: timu haipimwi kwa wale kumi na mmoja peke yao, inapimwa pia kwa benchi. Mustaine aliweza kufukuza wapiga gitaa kwa miaka arobaini kwa sababu Los Angeles kila gereji ilikuwa na kijana anayefanya mazoezi. Na Isse aliweza kujenga Dur-Dur kwa sababu Mogadishu ilikuwa na benchi. Kulikuwa na Waaberi kwenye Jumba la Michezo la Taifa. Kulikuwa na Bakaka. Kulikuwa na Iftin waliotikisa Hoteli ya Al-Uruba. Kulikuwa na Sharero. Mtu akitoka hapa anaingia pale. Ukikosa mpiga ngoma unaenda kusikiliza bendi ya jirani usiku, kesho yake unamwita pembeni.

Tusidanganyane pia, haikuwa peponi. Siad Barre alichukua nchi kwa mapinduzi Oktoba 1969, na serikali yake ilishika muziki kwa mkono wa chuma. Makundi makubwa yalikuwa ya serikali, redio ilikuwa ya serikali, studio nzuri ilikuwa ya redio. Dur-Dur ilikuwa bendi ya binafsi ikitafuta riziki kwenye vilabu vya hoteli, na muziki wake ukasambaa kwa kanda. Ulikuwa unaenda duka la kanda, unanakiliwa yako, rafiki ananakili kutoka kwako, na mwingine kutoka kwake. Hakuna aliyelipwa kwa nakala ya tano. Lakini nakala ya tano ndiyo ilifika Elwak.

Na iliikuta Elwak katika hali gani? Kaskazini Mashariki tulikuwa chini ya sheria za hali ya hatari tangu wakati wa vita vya shifta, zilizodumu mpaka 1991. Februari 1984 Wajir waliona Wagalla. Mwaka wa 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni kupigwa msasa, wathibitishe kwamba ni Wakenya. Abti ananiambia kitambulisho kilikuwa mfuko wa shati na kanda mfuko wa suruali, na vyote viwili vilikuwa vinamwambia yeye ni nani. Mpaka uko hapo tu nyuma, na ng'ambo yake kuna El Wak nyingine. Mbuzi walivuka, sukari ilivuka, na kanda zilivuka.

Sasa turudi 1990. Septemba mwaka huo Megadeth wanatoa Rust in Peace na kile kikosi chao bora. Mwisho wa mwaka huo huo, siku za mwisho za Desemba, risasi zinaanza Mogadishu kwenyewe. Januari 1991 Siad Barre anakimbia mji. Baada ya hapo ni vita vya wenyewe kwa wenyewe, njaa, na watu wanavuka mpaka kuja upande wetu, miguuni, na godoro kichwani. Kambi za Dadaab zilianza mwaka huo.

Dur-Dur walikuwa wametoa karibu kanda kumi na mbili kufikia wakati walipotawanyika. Wengine Ethiopia, wengine Djibouti, wengine mpaka Marekani. Wapo walioishia Columbus, Ohio, mji wenye Wasomali wengi.

Nataka muone tofauti. Miaka yote hiyo, mtu wa Dur-Dur akitoka, mwingine aliingia. Sahra aliingia mahali pa mwenzake, Daljir na wenzake wakaingia baadaye. Hakuna pengo lililowaua. Kilichowaua ni pale benchi lote lilipoondoka siku moja. Unaweza kumbadilisha mwimbaji. Huwezi kubadilisha mji. Vita haikuvunja Dur-Dur kwa kumchukua Baastow au Shimaali. Iliivunja kwa kuchukua hoteli, duka la kanda, redio, na yule kijana wa mtaa wa pili ambaye angekuwa mpiga besi wa 1995.

Halafu mambo yakazidi. Aprili 2010, Hizbul Islam waliamuru stesheni za Mogadishu ziache kupiga muziki wowote. Stesheni zikaogopa, zingine zikaweka milio ya risasi na sauti za wanyama mahali pa vile vipande vya muziki kabla ya habari. Redio ya serikali, ile ile Radio Mogadishu ilikorekodiwa Volume 5, ndiyo iliendelea.

Na unajua nani alirudisha Dur-Dur masikioni mwetu? Watu wa mbali. Mwaka wa 2013 lebo ya Marekani inayoitwa Awesome Tapes From Africa ilitoa Volume 5 upya. Waliitoa kwenye nakala ya kanda, si kwenye mkanda wa studio, na ukiisikiliza bado unasikia ule mvumo wa kanda chini ya muziki, kama mchanga unapeperuka. Mwezi Novemba 2016 Samy Ben Redjeb wa Analog Africa, lebo ya Ujerumani, alisafiri hadi Mogadishu kutafuta muziki kwenye maktaba ya redio, na 2018 wakatoa Volume 1 na Volume 2. Na 2023 kundi la London linaloitwa Dur-Dur Band Int. likatoa albamu ya The Berlin Session.

Hapo ndipo watu wetu wanawaka: "Hao wa London si Dur-Dur!" Mimi swali langu ni lingine. Kama kuna Wasomali London wenye gitaa, besi na ngoma ambao bado wanaweza kupiga huu muziki pamoja, hilo ni benchi. Ni dogo, liko mbali, lakini ni benchi. Sisi tulio hapa mpakani letu liko wapi?

Nilijaribu, wallahi. Mwaka jana nilitaka kutengeneza video ya wimbo mmoja wa dhaanto ukipigwa moja kwa moja, watu na vyombo. Nilizunguka Elwak wiki mbili. Nilipata kijana mmoja wa kinanda cha harusi, ambaye kinanda chake kinajipigia ngoma chenyewe, na mzee mmoja aliyewahi kuwa na kaban na sasa kaban haina nyuzi. Gitaa sikupata. Waimbaji nilipata kumi na wanne, kila mmoja na simu yake, kila mmoja anataka kuwa staa peke yake. Siwacheki, hata mimi niko peke yangu na simu yangu. Lakini staa wa peke yake akichoka, akioa, akihamia Nairobi au akipata visa, hakuna kinachobaki cha mwingine kuingia.

Najua kuna mtu atasema, sauti ya mtu haina spea. Hapo nakubali. Sahra si yule aliyemtangulia, na Daljir si Shimaali. Mzee anayemlilia Baastow analilia kitu cha kweli, na mimi sitamwambia anyamaze. Nitamwambia tu kwamba alimpata Baastow kwa sababu Waaberi ilikuwepo kumlea na Dur-Dur ilikuwa na nafasi ya kumpokea.

Kitu cha mwisho kutoka kwa sanduku la abti. Kuna kanda moja, upande wa kwanza ni Dur-Dur. Ukigeuza, wimbo unaanza, unacheza nusu dakika, halafu unakatika, na unasikia mtu anakohoa. Ni babu yangu. Alikuwa Saudia akifanya kazi, na siku hizo barua zilitumwa kwa kanda: unarekodi sauti yako, unampa msafiri. Alifuta wimbo ili atusalimie. Anauliza habari za ngamia, anauliza kama mvua imenyesha, anamtaja mama yangu akiwa mtoto. Alifariki kabla sijazaliwa. Mara ya kwanza kusikia sauti yake ilikuwa juu ya wimbo wa Dur-Dur uliofutwa.

Sijui huo wimbo ulikuwa upi, na sijamkasirikia. Lakini zile zingine, zilizobaki kwenye masanduku yenu, tafadhali msizifute tena na msizitupe. Abti alikuwa karibu kuchoma za kwake zote kwa sababu ya panya. Nina redio ya kanda inayofanya kazi na waya wa kuunganisha na kompyuta. Leta kanda, nitainakili mbele yako, uondoke nayo. Kama una mawaidha ya sheikh wa zamani, leta pia. Kama una barua ya mtu aliyefariki, hiyo lete kwanza.

Na kama wewe uko Elwak, Wargadud, Rhamu, popote, na unapiga chochote, hata kibaya, nitafute. Sasa tuko watatu: kinanda, yule mzee ambaye nimemnunulia nyuzi za kaban, na mimi najifunza besi vibaya sana. Hatuna jina. Mtu mmoja akiondoka kesho, natumaini tutakuwa na wa kuchukua nafasi yake.

Kwa hivyo, adeer zangu wawili wa kibanda cha chai, jibu langu ndilo hili. Wewe wa Baastow umekosea, na wewe wa Sahra umekosea. Dur-Dur halisi ilikuwa ni ule mji. Nikija kesho jioni chai ni juu yangu, mnigombeze vizuri.